Misumari Minane Katika Kitanda cha Mzee Jilo

Juzi mjukuu wangu Amina alinipigia simu kutoka Malindi. Alisema kitanda chao kinalia mpaka wapangaji wa chumba cha pili wamegonga ukuta. Nikamuuliza mumewe amefanya nini.

"Amepiga misumari, Babu. Saba."

"Na kimenyamaza?"

"Kilinyamaza siku tatu."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikatikia njiani, maana mimi nilipiga minane. Ndiyo sababu nimekaa leo kuwaandikia nyinyi vijana mnaoshika randa, na hata nyinyi msioijua randa lakini mna kitanda nyumbani na nyundo chini yake. Hiyo nyundo iacheni hapo kidogo.

Kwanza mjue kwamba kitanda hakilii kwa kuwa ni kibovu. Kinalia kwa sababu kuna mahali mti unasuguana na mti, na mara nyingi mahali penyewe ni pamoja tu, padogo kama ukucha. Kazi ni kupaona. Kupiga nyundo viungo vyote ni kama kuchapa watoto wa nyumba nzima kwa sababu mmoja kala sukari.

Ili upaone, mwambie mwenye kitanda alale mwenyewe, ageuke kama anavyogeuka siku zote. Wewe fundi usilale. Kitanda cha watu hakilaliwi na mgeni, na tena uzito wako si uzito wake. Chukua kijiti kikavu, ncha moja iweke kwenye kiungo, ya pili ibane kwa meno. Sikio litakudanganya, kwa sababu sauti ya chumbani huzunguka, lakini meno hayadanganyi. Kiungo kinacholia utakisikia ndani ya fuvu la kichwa.

Hayo nilifundishwa na Fundi Shee. Alikuwa mtu wa Kipini, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, aliyehamia Garsen na kufungua kibanda cha useremala karibu na kivuko. Nasema habari za miaka ya hamsini, Mzungu bado anatawala, na Garsen yenyewe ni maduka machache, kivuko cha kuvutwa kwa kamba, na ng'ombe wa Waorma wakishuka mtoni kunywa. Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Hewani, na Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi dukani tu. Siku ya kwanza kazini Fundi aliinua uso kutoka kwenye benchi akaniita, "Ndoo!" Nikakimbia nikamletea ndoo. Akaitazama ile ndoo, akanitazama na mimi. "Ndoo, nakwambia!" Nikaenda nikaijaza maji. Wateja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ndipo nilipojua kwamba kwa watu wa kwao "ndoo" ni "njoo". Tangu hapo, alipotaka ndoo kweli aliionyesha kwa kidole, asiniamini mimi wala Kiswahili changu.

Alikuwa na subira ambayo sikuielewa. Mworma mmoja aitwaye Guyo, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyejenga nyumba pale Garsen, alimnunulia mama yake kitanda. Mama alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe maisha yake yote. Akalala kitandani siku mbili, ya tatu akashuka, akasema kitu hiki kinamsengenya. Guyo akaja kutuita. Nilitumwa mimi. Nilifungua kitanda kile asubuhi, nikapiga msasa kila ulimi, yaani ncha ya mti inayoingia tunduni, nikakiunga tena, kikalia vilevile. Nikakifungua mara ya pili. Alasiri Fundi akaja kuona nimepotelea wapi. Alisimama mlangoni, akamwomba yule mama alale, akasikiliza. Kisha akainama, akaokota kigae cha chungu nje, akakisukuma chini ya mguu mmoja. Kitanda kikanyamaza. Kumbe sakafu ya udongo ilikuwa na shimo dogo hapo, mguu ukielea, na kila mama akigeuka kitanda kizima kinayumba. Yule mama aliuliza kwa Kiorma kitu ambacho Guyo alikataa kututafsiria. Basi kabla hujagusa mti, tazama sakafu.

Sasa niwaambie vitanda vyenyewe vilikuwaje, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu.

Mtu wa mtoni akija kuagiza kitanda, Fundi Shee hakumuuliza kwanza anataka upana gani. Alimuuliza, "Maji yalipoingia nyumbani mara ya mwisho yalifika wapi?" Yule mtu anaonyesha kwenye mguu wake mwenyewe, hapa chini ya goti, hapa juu ya goti. Fundi anapima kwa uzi. Mto wa Tana ukijaa haumuulizi mtu dini wala kabila. Unaingia mashambani, ukizidi unaingia ndani, unakaa siku kadhaa, unaondoka na kutuachia tope la kupandia mpunga. Kwa hiyo kitanda cha Fundi Shee kilikuwa na miguu seti mbili. Kulikuwa na matendegu mafupi ya siku za kawaida, na matendegu marefu ya mafuriko, ambayo yaliwekwa juu ya boriti za paa. Fremu aliiunga peke yake, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Kila tendegu liliingia pembeni kutoka chini, ulimi wake ndani ya tundu, likashikwa na kigingi kimoja cha mti. Maji yakija, watu wawili wanainua pembe, mtoto anachomoa kigingi, mguu mfupi unatoka, mrefu unaingia. Kabla chai haijapoa kitanda kiko juu, na aliyelala juu yake hakuhitaji hata kuamka.

Ubaya wake ni mmoja. Wakati wa kiangazi mti hukauka, ulimi hupungua, tundu linakuwa kubwa, na kitanda kinaanza kulia.

Mzee Jilo wa Kulesa alikuwa na kitanda cha namna hiyo. Alikuwa mchongaji mitumbwi, mtu wa shoka na tezo, mpaka siku mti aliokuwa anaukata ulipogeuka na kumwangukia kiunoni. Hakusimama tena. Nilipomjua alikuwa amelala miaka miwili, kuanzia kiunoni kushuka hana habari, kuanzia kiunoni kupanda ana ulimi mkali kuliko tezo zake. Aliishi na mkewe, Mama Komora, na mtoto wao Komora, mwanamume wa rika langu.

Komora alikuja Garsen kwa mtumbwi akimtafuta Fundi Shee. Fundi hakuwapo, alikuwa ameenda Kipini kumwoza binti yake. Alikuwa ameniachia kibanda na maneno haya: "Kazi unayoijua, fanya. Usiyoijua, ningoje." Mimi nilikuwa na miaka mitatu pale. Nilijiona hakuna nisilolijua. Nikachukua sanduku la vifaa, nikapanda mtumbwi wa Komora.

Mama Komora alinipokea kwa macho mekundu. "Mwanangu," aliniambia, "mimi silali. Huyu mzee hawezi kugeuka mwenyewe mwili mzima, anajivuta kwa mikono. Akijivuta kidogo tu kitanda kinalia, na kikilia nadhani ananiita. Naamka, kumbe haniiti. Nalala, kinalia tena. Nifanyie chochote, mradi kinyamaze."

Tulimtoa Mzee Jilo, tukamlaza kwenye mkeka uani. Alilitazama sanduku langu. "Fundi Shee kanitumia vifaa," alisema, "fundi atakuja lini?"

Komora alicheka. Mimi sikucheka, nikaingia ndani nikiwa nimekasirika, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kuingilia kazini.

Nilipata kiungo haraka. Tendegu la mchagoni, yaani kichwani, upande wa kushoto. Nikalitoa, nikapaka ulimi nta ya nyuki, nikalirudisha. Mama Komora akalala kunijaribia. Kimya. Akageuka, kimya. Akageuka mara ya tatu, likalia tendegu la pili. Nikalipaka. Likalia la tatu. Leo najua nilichopaswa kufanya. Nta peke yake haijazi pengo, ningezungushia kila ulimi kitambaa chakavu kilichochovywa ndani ya nta, nikapigilia polepole, nikaacha ulale mpaka kesho yake, nikasikiliza tena. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Lakini jua lilikuwa linateremka, Komora alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama tunaondoka, na nje nilimsikia yule mzee akiuliza kama fundi ameshafika.

Chini ya sanduku langu kulikuwa na misumari ya inchi nne. Ilikuwa imeanza kuja kwa wingi na malori ya Malindi, nasi vijana tuliipenda kama mnavyopenda simu zenu. Fundi Shee aliikubali kwenye milango na maboksi, si kwenye kitanda. Nikapiga miwili kila mguu, minane yote. Kila kichwa nikakizamisha ndani ya mti kwa msumari mwingine butu, kisha nikachanganya nta na unga wa mbao nikaziba matundu, nikasugua kwa kiganja. Hata mimi mwenyewe sikuweza kuyaona.

Mama Komora akalala, akageuka, akajirusha. Kitanda hakikutoa pumzi. Akaniangalia, machozi yakamlenga. "Mungu akuweke," akasema.

Tulimrudisha Mzee Jilo. Akashika mfumbati kwa mikono yote miwili akautikisa. Aliutikisa tena, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Dawa ya kifundi, Mzee."

"Dawa gani?"

"Nta."

Alinitazama muda. "Nta," akasema.

Fundi aliporudi kutoka Kipini aliniuliza kitanda cha Mzee Jilo kililia wapi. Nikamwambia mchagoni, kushoto. "Ukafanyaje?" Nikasema nta na kitambaa. Akanipongeza. Nataka mjue kwamba pongezi ile haikuwa yangu. Lakini niliipokea, nikaendelea na kazi, na baada ya wiki chache nilikuwa nimesahau, au nimejisahaulisha.

Nyinyi mliozaliwa mijini hamjui mto unavyojaa. Chini huku kunaweza kuwa na jua kali, mbingu nyeupe, vumbi barabarani, na huku maji yanapanda, kwa sababu mvua imenyesha huko juu milimani ambako wengi wetu hatujawahi kufika. Kwanza maji yanabadilika rangi. Kisha yanakuja majani, matawi, halafu miti mizima na mizizi yake. Asubuhi moja kivuko kilifungwa. Kesho yake niliona migomba ya ng'ambo imesimama ndani ya maji, vichwa tu.

Nilikuwa napiga randa. Mkono wangu ulisimama wenyewe.

Nilifikiria njia zote za kutosema. Labda maji hayatafika Kulesa. Labda nyumba ile iko juu. Labda misumari ya matendegu mawili ilipita kando. Nilipiga randa ule ubao mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu. Fundi akaja akauchukua, akautazama kwenye mwanga. "Ubao umekukosea nini?"

"Fundi," nikasema, "kitanda cha Mzee Jilo nilikipiga misumari."

Aliweka ubao chini taratibu. "Mingapi?"

"Minane."

"Miguuni?"

"Miguuni, Fundi."

Kisha akatia koleo, msumeno, nyundo na patasi ndani ya gunia. "Ndoo," akaniambia, na safari hii nilielewa.

Tuliazima mtumbwi. Mimi ndiye niliyeshika upondo wa kusukumia, maana Fundi alikuwa mtu wa bahari na mto ule hakuuamini. Hatukufuata mto, ungetuvunja. Tulikata katikati ya mashamba, juu ya mahindi ya watu, kando ya vichuguu vilivyojaa nyoka waliokimbilia pakavu. Mara moja gogo lililokuwa mbele yetu likapiga mkia na kuzama. Tukayaona mapaa ya Kulesa. Hapo Fundi akasema, bila kugeuka, "Msumari si kosa, Buya. Kosa ni ile nta uliyopaka juu yake." Sikuwa nimemwambia habari ya kuziba matundu. Aliijua tu.

Maji ndani ya nyumba ya Mzee Jilo yalikuwa yamepita goti. Majirani wengi walikuwa wameshawapeleka watoto na wazee kwenye mwinuko, na mitumbwi, pamoja na wa Komora, ilikuwa bado huko. Komora alikuwa amebaki, akijua babake ana kitanda cha mafuriko. Tulipoingia alikuwa ameshika gogo, anaupiga mguu wa kitanda chini ya maji, akihema. Miguu mirefu ilikuwa inaelea chumbani. Godoro la sufi lilikuwa limeshalowa na kitanda kimevuliwa nguo zote. Mzee Jilo alikuwa amelala juu ya kamba tupu, maji yakimgusa mgongo kutoka chini kila Komora alipotikisa. Mama Komora alikuwa amesimama mchagoni, amemkamata mabega.

"Fundi!" alimwambia Fundi Shee. "Afadhali umekuja. Vigingi vimetoka vyote vinne, lakini miguu imekataa. Sijui ni mti umevimba, sijui tumerogwa."

Fundi Shee alisogea pembeni kidogo, nikabaki mimi katikati ya mlango.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Niliipiga misumari. Siku ile. Nikaificha."

Komora alilitupa lile gogo. Alinikamata shati kwa mikono miwili akanibamiza ukutani mpaka udongo ukamwagika majini. Sikumzuia. Ingekuwa mimi, ningefanya vibaya zaidi.

"Komora," Mzee Jilo akasema kutoka kitandani, "mwache kwanza anitoe hapa. Ukimzamisha sasa tutakosa mtu wa nne."

Nilizama na koleo. Maji yalikuwa kahawia, huoni hata mkono wako. Nilipapasa mti kutafuta vichwa vya misumari, na kwa kuwa nilikuwa nimeviziba vizuri, sikuvipata. Nimefanya kazi nyingi mbaya maishani, lakini hakuna iliyonitesa kama uzuri wa kazi ile. Fundi alitoa wazo la kukata miguu kwa msumeno, kisha akalikataa mwenyewe, kwani fremu ingeanguka na mzee pamoja nayo. Komora akasema tumbebe begani. Mama Komora akasema mgongo wake hauwezi, mara ya mwisho alipobebwa begani alizimia, na tungembeba mpaka lini? Mtumbwi wetu nao ulikuwa mwembamba, hautoshi kumlaza mtu asiyeweza kuketi. Maji yalikuwa yanapanda. Nilikuwa nimeweka alama ukutani kwa ukucha wakati tulipoingia, na sasa alama haikuonekana.

Mama Komora ndiye aliyeona. Kinu chake kilikuwa kinaelea karibu na mlango, kimelala ubavu, kinagonga fremu ya mlango. Alikitazama.

"Vinu," akasema. "Usitoe miguu. Iweke ndani ya vinu."

Fundi Shee alimgeukia. "Mama, rudia."

"Kila mguu ndani ya kinu chake! Kama mchi! Mnataka niwachoree?"

Nyumbani kulikuwa na viwili. Komora alichukua mtumbwi wetu akapita nyumba za jirani, akaleta viwili vingine, virefu kidogo. Fundi na Komora waliinua pembe ya kwanza. Kinu kilikuwa cha mti, hakikutaka kuzama. Nilikikumbatia, nikakijaza maji, nikakaa chini nacho mpaka maji yakanifika kidevuni, nikausaka mguu wa kitanda kwa vidole nikauongoza ndani. "Shusheni!" Mguu ukaingia mdomoni mwa kinu ukakaa. Kinu kikatulia kwa uzito. Pembe ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nilibanwa vidole, na ukucha mmoja sikuwa nao tena. Mzee Jilo alikuwa akituamuru kama anayeshusha mtumbwi mpya majini. "Kushoto kumezidi. Nimesema kushoto, huko ni kulia kwa watu wote isipokuwa wewe. Polepole. Haya." Vile virefu tuliviweka mchagoni, vikampa mzee kichwa cha juu kidogo, akasema ndivyo alivyotaka siku zote.

Kitanda kilisimama. Mzee alikuwa pakavu.

Tulikaa nao mpaka maji yalipokoma. Yalisimama shubiri moja chini ya kamba, yakakaa hapo, kisha yakaanza kurudi. Mama Komora aliketi ukingoni mwa kitanda muda wote, miguu majini, mkono juu ya kifua cha mumewe. Kwa Fundi Shee alizungumza. Kwangu hakusema neno.

Mto ulipoondoka, Fundi alisema anarudi Garsen kwa siku moja kuangalia kibanda, nami nibaki nitengeneze. Alirudi baada ya siku hiyo moja, akaketi nje kwenye kigoda, akasema, "Mimi sigusi. Kazi ni yako." Na kweli hakugusa. Aliyenisimamia ni Mzee Jilo, akiwa amelazwa kwenye mkeka karibu yangu, mkono umeshika kichwa. Mti ulipokauka, nilitafuta kila msumari kwa ncha ya patasi, nikachimba kuuzunguka taratibu, nikaushika kwa koleo. Ukifika kwenye kazi hiyo, usivute kwa nguvu. Zungusha kidogo, mwagia tone la mafuta, ngoja, zungusha tena. Kitakizo cha mchagoni kilikuwa kimepasuka pale nilipopigilia, nikakitengeneza upya kwa mti wa mbambakofi. Ulimi wa kwanza Mzee aliukataa. "Umechonga kwa haraka, unaona mabega hayalingani?" Wa pili aliukataa. Wa tatu aliutazama sana, akaulamba kwa ulimi wake kuona kama umekauka, akasema, "Weka."

Kitambaa kilikuwa kanzu yake kuukuu. Niliipasua vipande, nikavichovya kwenye nta ya moto, nikazungushia kila tendegu, nikapigilia kwa nyundo ya mti, pigo dogo, zungusha, pigo dogo. Vigingi nilivichonga vipya.

Siku zote hizo Mama Komora alipika. Aliwaita Fundi na Komora kula, akampelekea mumewe chakula chake. Changu alikiweka juu ya kinu kilichogeuzwa karibu na benchi, akaondoka. Hakuninyima hata siku moja, ila hakuniita.

Msumari wa nane ulinikatikia. Kichwa kilitoka na koleo, mwili ukabaki ndani ya tendegu la miguuni, upande wa kulia. Nilikaa nao mchana mzima. Ningeweza kuutoa kwa kupasua tendegu, na mbambakofi nyingine ya kuchongea tendegu hatukuwa nayo. Haukuzuia mguu kutoka, nilijaribu mara nyingi, ulitoka na kuingia vizuri. Ungeweza kukaa pale miaka mia na mtu asijue. Fundi Shee alikuwa amenitazama kutoka kwenye kigoda chake, kisha akageuza uso upande wa mto.

Nilikwenda jikoni. Mama Komora alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, tafadhali uje uone kitu."

Alikuja, ungo bado mkononi. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikauonyesha mguu. "Kuna msumari humu. Umekatika, sikuweza kuutoa. Mguu unachomoka, nimejaribu. Lakini msumari umo, na mkija kurekebisha siku nyingine, fundi yeyote ajue upo hapa."

Aliweka ungo chini. Akapiga magoti na yeye, akapapasa mti kwa kidole mpaka akaupata. Sikuwa nimeuziba.

"Ndio huu?"

"Ndio huo, Mama."

"Na ile mingine?"

Nilifungua kiganja. Ilikuwa saba, imepinda, ina kutu ya mto. Aliihesabu mmoja mmoja, akaichukua, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Kisha alichomoa kigingi mwenyewe, akautoa mguu, akaurudisha, akakipiga kigingi kwa kiganja. Mzee Jilo alikuwa akitutazama kutoka mkekani.

Mama Komora akasimama, akajipangusa magoti, akachukua ungo wake. Alifika mlangoni akageuka.

"Buya," akasema, "wali utakuwa tayari sasa hivi. Nawa mikono, uje ule na wenzako."